Kisanduku Kisicho na Taa

Birere, soko letu la Goma, kama hauna viwiko, usiingie. Siku ya posho, jumamosi yetu, ndiyo mbaya kupita: kila duka limeweka bafle mulangoni, kila bafle inapiga wimbo wake, na wewe katikati unatafuta tu nyanya. Asubuhi ile Nshobole alikuwa anapita pale na kitenge chake cha kijani chenye kasuku, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, na viatu vya ofisi ambavyo vumbi jeusi la Goma lilikuwa limevibadilisha rangi. Ako na miaka thelathini na mbili, anajaza makaratasi ya forodha karibu na mupaka, na kutembea kwake, ngoja tuseme ukweli, kulikuwa kunawapotezea wauzaji hesabu.

Chukudu moja, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ikashuka na magunia sita ya viazi, mwenyewe juu yake anapiga kelele: "Jichungeni! Freni nimemwachia Mungu!"

Nshobole akaruka ndani ya mulango wa kwanza, akamugonga mwanaume mwenye koti la bluu aliyekuwa ameinama anachagua waya wa kulehemu.

"Pole, papa."

Mwanaume akageuka. Alikuwa na ndevu za siku mbili na kaske shingoni, ile ya kuvaa masikioni, imefungwa kwa plasta kama kidole cha mutoto. Koti lake lilikuwa na matundu madogo madogo ya moto.

"Papa? Papa ni nani hapa? Rudia kunigonga, pengine utaniona muzuri."

Nshobole hakucheka. Karibu acheke, lakini akabana midomo na kugeukia kaunta, kwa sababu duka lile lilikuwa ndilo alilokuwa analitafuta tangu saa tatu. Akafungua kikaratasi.

"Natafuta kitu wanaita DAC. Ile ya kutoa muziki kwenye kompyuta na kuupeleka kwenye ampli."

Lionel, mwenye duka, mwanaume wa pete tatu kwenye mukono mumoja, alifurahi mpaka pete zikang'aa. Akashusha kutoka juu kabisa kisanduku cha dhahabu.

"Madame, usiangalie kingine. Kiko na skrini, kiko na telekomande, kiko na taa za rangi saba."

Yule wa koti la bluu akakohoa. "Taa haziimbi."

"Tuyisenge," Lionel akasema, "ulikuja kununua waya. Nunua waya."

"Nanunua. Mama, ampli yako nyuma iko na matundu gani?"

"Mawili. Jekundu na jeupe. Na miye siko mama yako."

"Muzuri, tuko sawa. Bafle je?"

"Za mbao. Kubwa. Zinanifika hapa." Akaonyesha kiunoni, na Tuyisenge akaangalia pale palipoonyeshwa muda murefu kuliko bafle yoyote inavyohitaji.

"Na ukiunganisha kompyuta moja kwa moja?"

"Inalia shhhh, kama samaki kwenye mafuta."

"Ndiyo. Ju kompyuta ndani yake ni namba tu, moja na zero, zero na moja. Bafle haijui namba. Lazima mutu akae katikati, atafsiri. Kompyuta iko na mutafsiri wake wa bule, lakini anakaa jikoni kwenye kelele, vyuma vyote vinamupigia makelele masikioni. DAC ni mutafsiri anayekaa inje, kwa utulivu. Sasa mutafsiri, unamulipa ju ya ulimi wake ao ju ya koti lake?"

Akaingiza mukono kwenye rafu ya chini bila kuomba ruhusa, akatoa kisanduku cheusi cha chuma, kikubwa kama kipande cha sabuni, hakina hata taa moja.

"Huyu hapa. USB inaingia huku. Hapa ni ya televizyo, siku utapenda. Jekundu na jeupe zinatokea huku. Na umeme anakula kwenye waya uleule wa USB, haombi chaja yake. Ile ya dhahabu inataka priz yake peke, na umeme wetu unaujua. Bei ya ile, unanunua huyu mara nane."

"Tuyi, unaniharibia soko!" Lionel akalia.

"Nakuletea mukiriya atakayerudi. Na weye dada, utasikiliza nini?"

"Vitu vyangu."

"Siri?"

"Siri."

Akalipa kile cheusi. Na alipoomba numero ya kuita kama kitu kitamusumbua, aliiomba kwa Tuyisenge, si kwa mwenye duka. Lionel alihesabu pete zake.

Nshobole hakusema siri yake, basi nitaisema miye. Zile bafle zilikuwa za papa yake, Bahizire, mutu wa Bukavu aliyekuja Goma kufundisha kwaya akabaki kufundisha jirani wote wa mutaa wa Mapendo kuvumilia kelele. Mwaka ule volkano iliposhuka, watu walikimbia na magodoro. Bahizire alibeba bafle moja kichwani, ya pili akaifunga kwenye chukudu, na godoro likabaki likaungua. Muke wake, mama Généreuse, hajasamehe godoro lile mpaka leo. Na sasa Bahizire ameishakufa, miaka tisa. Aliacha kaseti moja yenye sauti yake, sauti ya kusema tu, siku alipokuwa anajaribu mikro mupya nyumbani. Mashine ya kaseti nayo ikafa. Aubin, kaka ya Nshobole aliye Kampala, ndiye alichukua kaseti kwa watu wanaozigeuza kuwa namba, na alikuwa amesema ataituma. Nshobole alitaka kitu kimoja tu: sauti ile itoke tena kwenye bafle zilezile, kwenye salon ileile, sebule yao, mama akiwa angali na masikio ya kuisikia.

Kitu kama hicho hauwezi kukisema katikati ya Birere kwa mwanaume mwenye plasta kwenye kaske. Ungelia, na rangi ya macho ilikuwa mupya.

Jioni ileile simu ya Tuyisenge ikalia, yeye akiwa kwake, mutaa wa Majengo.

"Docteur, mutafsiri wako ananguruma."

"Ananguruma namna gani?"

"Mmmmm. Kama ng'ombe aliyeshiba."

"Nakuja kuona?"

"Hapana! Mama hakubali."

Ilikuwa ni sheria ya mama Généreuse, na Mapendo yote waliijua: mwanaume anaingia salon yake mara ya kwanza akiwa na wakubwa wa ukoo wake, kwa posa, ao haingii. Fundi wa choo peke ndiye alisamehewa, na hata yeye alipitia nyuma.

"Basi weka simu karibu na bafle," Tuyisenge akasema. Akafunga macho, akasikiliza. "Yampayinka! Namujua huyo. Huyo ni mawe."

"Mawe gani?"

"Mawe ya volkano. Nyumba inatakiwa kuwa na chuma kimeingia ardhini, umeme mubaya ushuke kule upotee. Sasa Goma hapa, fundi anapiga chuma, anakutana na jiwe, chuma kinapinda, anafukia juu na kukuambia imeisha. Ule umeme hauna pa kwenda, unazungukazunguka, unapitia chaja ya kompyuta, unaingia kwenye muziki. Chomoa chaja."

"Nichomoe?"

"Chomoa, nakuambia, tumia betri."

Ng'ombe akanyamaza. Kimya kikaingia salon, kimya safi, na ndani ya kimya kile kila mumoja akasikia mwenzake anapumua.

"Ameenda," Nshobole akasema polepole.

"Asikudanganye. Huwa anarudi. Kesho nitakuita, tusikilize kama hajarudi."

Hakurudi, bila shaka. Lakini wakasikiliza kesho, na kesho kutwa, na siku zote za juma lile. Siku ya kwanza walisikiliza mungurumo dakika mbili. Siku ya tano walisikiliza mungurumo saa nzima na nusu, na hakuna aliyekumbuka kuweka simu karibu na bafle.

"Leo umevaa nini?" Tuyisenge anauliza.

"Hiyo inahusiana na umeme?"

"Nguo zingine zinavuta umeme."

"Nimevaa kitenge cha kasuku."

"Mungu wangu. Chomoa simu."

Siku ya Mungu walikutana kando ya ziwa, wakakula sambaza, vile visamaki vya ziwa, vya moto kwenye karatasi. Akamuambia yeye ni mutu wa Rutshuru, wa tatu kwa watoto saba, na kwamba amebaki na mujomba mumoja hapa muji. Hakusema wengine wako wapi. Nshobole naye akasema, "Sisi nyumbani tuko wawili, miye na mama," na hakuongeza. Hapa kwetu watu hawaulizani nani bado ako muzima. Unangoja mutu aseme mwenyewe, siku yake ikifika. Ni heshima kubwa, lakini mutaona heshima hiyo ilichowafanyia.

Siku ya kumi, saa kumi na moja, kaseti, sasa imekuwa namba, ikafika kwenye kompyuta kutoka Kampala. Nshobole akachomoa chaja, akafungua ampli, akasafisha mikono kwenye kitenge kama mutu anayekwenda kushika mutoto muchanga. Mama Généreuse alikuwa jikoni. Nshobole alitaka sana Tuyisenge asikie, na rezo ilikuwa mbaya kwa kuita, basi akabonyeza simu kumutumia ujumbe wa sauti.

"Tuyi! Sikiliza! Sikiliza mutafsiri wako vile anafanya kazi!"

Akafungua.

Na Bahizire akasema, katikati ya salon, na kifua chake chote: "Nsho, mupenzi wangu, leta chai. Kuja ukae hapa karibu na miye."

Kijiko kikaanguka jikoni. Mama Généreuse akatokea mulangoni, unga mikononi, uso wake kama wa musichana.

"Bahizire? Umefika?"

Nshobole akatupa simu kwenye kiti, akakimbia kumushika mama yake. Kidole kilipoachia, ujumbe ukaishia pale, ukaenda wenyewe.

Tuyisenge aliusikilizia kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio Birere, kaske masikioni, akitabasamu. Tabasamu likabaki usoni kidogo, kama mugeni asiyejua sherehe imeisha. Fundi anafikiri kwa kufuata waya, na yeye alifuata waya: nyumba ile wako wawili, yeye na mama. Mwanaume haingii bila wakubwa. Yule mwanaume ameingia, anaomba chai, anasema mupenzi, na mama anamupokea kwa jina. Basi yule ameishafika na wakubwa wake. Basi yule ni mwenye nyumba. Na vile "vitu vyangu", ile "siri", vilikuwa ni hivyo.

Hakuna waya uliomupeleka kwa marehemu.

Kule Mapendo, Nshobole aliona zile alama mbili zikageuka bluu. Akangoja. Mama alipotulia, na kulia kukaisha, na chai ikapikwa kweli, akatazama tena. Bluu, na kimya. Kesho yake akaita mara nne. Siku ya tatu, Tuyisenge akapokea.

"Haloo."

"Docteur! Umekufa?"

"Kazi ni mingi. Mashine inatumika muzuri?"

"Inatumika. Haukusikia?"

"Nilisikia. Nafurahi, madame. Salimia watu wote wa nyumbani."

"Madame? Tuyisenge, tangu lini..."

Alikuwa ameishakata.

Nshobole alisimama na simu sikioni kama mutu anayengoja salio lirudi. Halafu naye akafuata waya wake. Maswali yote ya mwanaume yule yalikuwa juu ya nini? Bafle ni za mbao gani, bafle zina ukubwa gani, bafle zinatoa besi namna gani. "Kumbe alipenda bafle," akajiambia. "Miye nilikuwa waya." Na akalia kidogo, akakasirika ju ya kulia, akalia tena ju ya kukasirika.

Wiki tano zikapita. Akienda kazini kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, akifikia Birere, anamuambia mwenye moto aongeze mwendo, na yeye anageuza shingo upande wa pili. Sasa ukitaka kujua mutu anapenda wapi, angalia mahali anapokataa kuangalia. Alibadilisha kitenge. Cha kasuku kililala kabatini, na kila alipofungua kabati kasuku walimuangalia kwa maswali.

Tuyisenge naye aliwalehemea watu redio vibaya. Alichoma vidole. Lionel alikuja kumuona, akasimama mulangoni na pete zake.

"Yule wa kisanduku cheusi hajarudi. Ulisema atarudi."

"Ameolewa."

"Na nani?"

"Na mutu anayependa chai."

"Ningemuuzia cha dhahabu," Lionel akasema kwa huzuni, na akaenda.

Kulikuwa na kitu kimoja nyumbani mwa mama Généreuse kilichokuwa kinakwenda muzuri. Kila siku saa kumi na moja, mama alileta vikombe viwili, akakaa kati ya zile bafle mbili, akamuambia binti yake: "Mufungue." Na Bahizire anaomba chai. Mama anajibu: "Iko mbele yako, kipofu weye." Halafu kaseti inaendelea kidogo mpaka mwisho, na mama anacheka palepale kila siku. Nshobole anacheka naye, na katikati ya kucheka anawaza: kuna mutu mumoja nilitaka asikie hii mpaka mwisho.

Siku ya Mungu ya wiki ya tano, mvua ilipiga bati za Majengo tangu misa ya pili. Tuyisenge alikuwa kitandani na viatu, kaske masikioni, anausikiliza ule ujumbe. Mara ya ngapi? Hata yeye alikuwa ameacha kujiuliza. Alijiambia anausikiliza ili apone, uongo. Alikuwa anasikiliza maneno ya kwanza, "Tuyi! Sikiliza!", na kukata kabla ya yule mwanaume. Leo kidole kilichelewa. Mwanaume akasema yake. Na kabla tu ya kusema, Tuyisenge akasikia kitu.

Tak.

Akarudisha. Tak. Akaketi. Ile tak aliijua tangu utoto, kabla hajajua kusoma: kidole kinabonyeza kitufe cha kaseti. Akasikiliza tena, sasa si kama mwanaume, kama fundi. Nyuma ya sauti ile kulikuwa na mvua ndogo kavu, na si ya Majengo. Na neno "karibu" liliyumba, likashuka nusu ya unywele na kupanda tena, namna utepe unavyoyumba ukiwa umevutika kwa uzee. Mutu mwenye pumuzi hayumbi hivyo.

Alisimama, akakaa, akasimama. Akaita.

Iliita sana. Halafu: "Unataka bafle?"

"Nshobole. Bahizire ni nani?"

Mvua upande huu, mvua upande ule.

"Ni papa yangu. Alikufa miaka tisa. Ju ya nini unauliza?"

"Ile ilikuwa kaseti."

"Sasa ulifikiri ni nini?"

"Nilifikiri..." Akakaa tena. "Nilifikiri ni mutu aliyekuja na wakubwa wake."

Upande wa pili kikaja kicheko, kikubwa, kibaya, kinachopanda na kushuka, na mwisho wake kikawa kilio waziwazi.

"Tuyisenge! Wiki tano! Wiki tano umeninyima simu ju unaonea wivu marehemu?"

"Aliomba chai vizuri sana!"

"Na sikio lako la docteur?"

"Sikio lilijua. Ni miye nililizuia kusema. Na kosa ni la kisanduku pia, kinatafsiri vizuri mno. Ungenunua kile cha taa ningekuwa nimejua palepale."

"Usiguse kisanduku changu." Akapangusa pua. "Ningekuambia. Nilikuwa natafuta namna."

"Na miye ningeuliza. Niliogopa."

"Uliza sasa."

"Umevaa nini?"

"Mupumbavu," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi nyumbani. "Kuja na mujomba wako."

Siku ya posho iliyofuata, Tuyisenge alisimama mulangoni mwa mama Généreuse na suti ya kijivu ya kuazima, mikono mifupi kidogo. Kando yake mujomba Havugimana, kofia mukononi, na kasha la soda mabegani mwa mutu wa moto huko inje. Havugimana anauza samaki wa Vitshumbi, alikuwa ameoga mara mbili, na mara mbili hazikutosha.

Mama Généreuse hakuwaambia waketi. Alikaa kwenye kiti chake kati ya bafle, akamupima kijana kutoka viatuni. Nshobole alikuwa koridoni nyuma ya pazia, na kitenge cha kasuku, kompyuta juu ya magoti.

Havugimana akaanza maneno mazuri ya kubisha mulango. Mama akainua mukono.

"Maneno yako nitayasikia, baba. Kwanza huyu. Kijana, unafanya kazi gani?"

"Sauti, mama. Natengeneza ampli, redio, bafle."

"Bafle." Mama akalionja neno lile kama dawa. "Basi nijibu. Volkano ikishuka kesho, unakimbia. Utabeba bafle ao godoro?"

Havugimana akaangalia kofia yake. Nyuma ya pazia Nshobole akafunga macho. Alikuwa amemusimulia Tuyisenge kila kitu juu ya lile godoro, na alikuwa amemufundisha jibu: godoro.

Tuyisenge akaangalia zile bafle za mbao, pembe moja bado ina alama nyeusi ya moto. Akaangalia uso wa mama.

"Bafle, mama," akasema. "Unisamehe."

Uso wa mama Généreuse ulifungwa kama duka siku ya vurugu. Na pale koridoni, Nshobole, ambaye hakuwa na mutu mwengine wa kumuita, akabonyeza.

Tak.

"Nsho, mupenzi wangu, leta chai. Kuja ukae hapa karibu na miye." Kaseti ikapumua. Halafu sauti ileile ikageuka, kama mutu aliyeona kitu mulangoni. Siku ile ya zamani ilikuwa ni mutoto wa jirani aliyeleta betri za mikro. "Na huyu kijana anasimama ju ya nini? Mumupe kiti! Nyumbani kwangu mutu hasimami kama nguzo ya umeme."

Tuyisenge hakuwa ameisikia sehemu ile. Machozi yalimushuka bila kumuomba ruhusa.

Mama Généreuse hakucheka palepale pa kila siku. Aligeuza kichwa polepole akaangalia bafle ya kushoto, ndefu, namna wake wanavyowaangalia waume mbele ya wageni.

"Nilijua utamutetea," akaiambia.

Akainuka, akavuta kiti yeye mwenyewe, akakipangusa kwa upindo wa kitenge chake, akakiweka kati ya zile bafle mbili.

"Kaa. Nshobole, toka kwenye pazia hiyo, tunaona miguu yako. Leta chai. Weye kijana, sukari ngapi?"

Fundi wa sauti akafungua mudomo, sauti haikutoka. Akaonyesha vidole viwili.